Barua ya wazi kwa wamiliki, wakurugenzi na mameneja: mfundisheni msimamizi kabla ya kumlaumu mfanyakazi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kama mtu aliyeanzia kwenye mashine, akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu, na ambaye sasa anafundisha usalama mahali pa kazi. Wafanyakazi nimewasikiliza vya kutosha, na mengi wanayoyaomba hayamo mikononi mwao. Yamo mikononi mwenu: muda, fedha, na mamlaka ya mtu kusema kazi isimame. Ndiyo maana barua hii naielekeza kwenu.

Ombi langu ni moja. Acheni kumfundisha mfanyakazi peke yake. Anzeni na msimamizi wake, mfundisheni kwa kina kuliko mnavyomfundisha mtu mwingine yeyote pale kazini, kisha mpeni nguvu ya kutumia alichofundishwa.

Mnajua mafunzo ya usalama yanavyoendeshwa sehemu nyingi. Watu wanaitwa ukumbini kabla ya zamu au, vibaya zaidi, baada ya zamu ya usiku. Daftari la mahudhurio linazungushwa kabla mkufunzi hajafungua mdomo. Picha zinaonyeshwa ukutani, nyingi zikiwa za mashine ambazo hakuna aliyemo ukumbini amewahi kuzigusa. Mtu wa nyuma anasinzia, na simlaumu, kwa kuwa amesimama usiku kucha. Mwishoni wanasomewa kanuni, wanatia saini nyingine kwamba wameelewa, na faili linarudi ofisini limejaa. Akija mkaguzi, karatasi zipo. Ikitokea ajali, karatasi zilezile ndizo zinazotolewa kuonyesha kwamba marehemu alikuwa amefundishwa. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, maana karatasi ile inailinda ofisi tu, aliyeisaini haimlindi kwa lolote.

Mkitaka kujua kama mtu amefundishika, msimuulize maswali ya ndiyo na hapana. Mwambieni aonyeshe. Chukueni kitu kidogo kabisa, plagi za sponji za kuzibia masikio. Anayejua ataisokota kwa vidole mpaka iwe nyembamba, atapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ataiingiza, kisha ataishikilia kwa kidole mpaka itanuke na kuziba. Asiyejua ataibandika mlangoni mwa sikio na kurudi kazini akiamini amejikinga, na hakuna atakayemsahihisha kwa sababu kwa mbali anaonekana amevaa. Miaka mingi ya kelele zinazozidi desibeli 85 baadaye, hasikii wajukuu wakimwita. Yote hayo kwa somo la dakika 2 ambalo lilihitaji mtu mmoja kumsogelea na kumtazama.

Mtu huyo wa kusogea na kutazama ni msimamizi. Mkufunzi kama mimi anakuja na kuondoka. Afisa usalama, pale alipo, ni mmoja kwa mamia ya watu. Msimamizi ndiye aliyepo saa tisa usiku mashine inapokwama.

Anapatikanaje huyu? Kwa kawaida ni fundi au opareta hodari. Siku moja anaitwa ofisini, anapongezwa, anakabidhiwa redio ya mawasiliano na orodha ya watu, na kesho yake anaanza. Kujua kuchomelea vyuma hakumfundishi mtu kukagua kibali cha kazi ya moto, yaani ruhusa ya maandishi ya kazi yenye cheche au miali. Kuendesha kreni vizuri hakumfundishi kumkatalia meneja anayetaka mzigo unyanyuliwe katika upepo mkali. Mimi mwenyewe nilikabidhiwa zamu hivyo hivyo. Malengo ya uzalishaji nilielezwa kwa undani, pamoja na atakayeulizwa yasipofikiwa. Kuhusu usalama niliambiwa nihakikishe watu wanavaa kofia.

Nimeona kwa miaka mingi kwamba mfanyakazi hasomi bango lililo getini. Anamsoma msimamizi wake. Msimamizi akipita chini ya mzigo unaoning'inia, kundi zima litapita. Akiondoa kinga ya mashine ili kuokoa dakika, mtu mgeni atajua kwamba kinga ile ni pambo. Na akisimama mbele ya kazi, akauliza "hapa nini kinaweza kutuumiza?" na kusubiri ajibiwe kwa dhati, watu watazoea kujiuliza hivyo hata asipokuwepo.

Naomba mkumbuke jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Mchana wa siku hiyo mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja ili ifanyiwe matengenezo, na mahali pake pakafunikwa kwa bamba la chuma. Kazi haikumalizika. Zamu zikabadilishana, na habari kwamba vali haipo haikuwafikia waliopokea. Usiku pampu ya pili ikazima, nao wakaiwasha ile ya kwanza, wakijua tu kwamba ilikuwa na matengenezo mengine, ambayo hayajaanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Watu wale walikuwa na vibali vya kazi, yaani ruhusa za maandishi kwa kila kazi ya hatari, na fomu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mazoea ya kukabidhiana zamu ana kwa ana, msimamizi kwa msimamizi, mkiwa mmesimama mbele ya kifaa chenyewe, mmoja akisema "hii imefunguliwa, usiiguse" na mwingine akirudia alichosikia. Tena moto ulipokuwa unawaka, majukwaa jirani yaliyounganishwa kwa mabomba yaliendelea kusukuma mafuta, kwa sababu waliokuwa na dhamana huko walisita kusimamisha uzalishaji bila kauli ya wakubwa. Jaji Lord Cullen aliongoza uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106. Kila ninapofundisha wasimamizi huwasimulia kisa hiki, na sehemu inayowanyamazisha ni ile ya majukwaa jirani. Wanajijua. Wanajua kwamba nao wangepiga simu kwanza.

Basi niulize wazi: msimamizi wenu akisimamisha kazi leo kwa sababu ya hatari, kesho anaitwa ofisini kupongezwa au kujieleza? Kama hamna uhakika wa jibu, yeye anao. Amekwisha kuona yaliyompata aliyewahi kujaribu.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na wakati wetu. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, Savar, nje kidogo ya Dhaka, nchini Bangladesh. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliziona nyufa zilezile, waliogopa, na wengi hawakutaka kuingia. Asubuhi ya tarehe 24 waliamriwa waingie, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Jengo likaanguka. Walikufa watu zaidi ya 1,100.

Wafanyakazi wale walikwisha kuitambua hatari kwa macho yao, na hakuna somo la vihatarishi ambalo lingewaongezea kitu. Waliohitaji kufundishwa ni wale waliosimama mlangoni wakiwahimiza waingie, na juu yao wale waliowatuma. Ndiyo sababu nashtuka ninapoona bajeti nzima ya mafunzo ikielekezwa kwa mtu wa chini kabisa, ambaye hana neno la mwisho juu ya chochote.

Haki ya mfanyakazi kujiondoa kwenye hatari si ombi la kihisani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba maisha au afya yake yamo katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asipate madhara yasiyo ya haki. Unamtaka aripoti mara moja kwa msimamizi wake wa karibu, na unamzuia mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla ya kuirekebisha. Unasema pia hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi fedha yoyote. Mwezi Juni 2022, shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi kazini. Angalieni mkataba ule unavyomweka msimamizi: taarifa ya hatari inaanza kwake. Sasa kama hajui cha kufanya nayo, au anaiogopa kwa sababu itachelewesha mzigo, haki yote hiyo inafia hapo hapo.

Niwaonyeshe mafunzo ninayoyataka yanafananaje. Konveya, ule mkanda wa mashine unaosafirisha mizigo, imekwama; kuna kitu kimenasa kwenye roli. Njia ya haraka ni kubonyeza kitufe cha kusimamisha na kuingiza mkono. Kitufe hakikati umeme. Mtu wa upande wa pili asiyekuona anaweza kuiwasha. Kwa hiyo fundi anakwenda kwenye swichi kuu, anaizima, anatia kufuli lake mwenyewe na lebo yenye jina lake, na ufunguo anauweka mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watatu, ni makufuli matatu. Kisha hatua inayorukwa kuliko zote: anarudi kwenye konveya na kujaribu kuiwasha, ili ajihakikishie kwamba kweli imekufa. Pia anaangalia nguvu iliyobaki, kama mgandamizo wa hewa kwenye mabomba, springi iliyokazwa, au sehemu nzito inayoweza kushuka yenyewe. Ndipo mkono unaingia.

Hayo unaweza kuyaeleza ukumbini kwa robo saa. Kuyafanya yawe mazoea ni kazi nyingine. Mnayafanya kwenye konveya yenu, kwa makufuli yenu, kila fundi akirudia mpaka asihitaji kukumbushwa. Na msimamizi anafundishwa somo lake peke yake: kwamba kufuli la mtu aliyekwenda nyumbani na ufunguo halikatwi kwa msumeno kwa sababu zamu inasubiri, mpaka mwenyewe atafutwe, ijulikane yuko nje na salama, na mashine ikaguliwe, kwamba kila fundi awe na kufuli, hata kama stoo inalalamika, kwamba dakika zilizopotea kwenye swichi kuu haziandikwi kwenye ripoti kama uzembe wa zamu.

Mahali pengine ambapo msimamizi asiyefundishwa anaua watu wengi kwa mpigo ni kwenye matanki, mashimo, visima na mifereji iliyofunikwa. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Tanki la chuma lililofungwa muda mrefu linaweza kupoteza oksijeni kwa kutu peke yake, bila gesi yoyote ya sumu, na anayeingia haoni wala hanusi tofauti. Kwenye maji taka kuna gesi inayonuka yai bovu, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu anadhani imeisha. Wa kwanza anaanguka. Mwenzake anamwona, anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Wa tatu vivyo hivyo. Mara nyingi waliokufa wakijaribu kuokoa ni wengi kuliko aliyeingia kwanza, na waliwafuata wenzao kwa upendo tu. Upendo huo unahitaji mtu mwenye sauti aliyesimama nje, aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kumzuia wa pili. Hewa ipimwe kabla ya kuingia na wakati wote wa kazi, aliyeingia awe na mkanda na kamba ya kumvutia juu, na wa nje asiondoke hata akiitwa na mkurugenzi. Zoezi la uokoaji lifanyike siku ambayo hakuna aliyeanguka. Siku ya tukio hakuna anayejifunza.

Kuhusu wageni kazini nitasema machache. Taasisi ya utafiti ya Institute for Work & Health ya Toronto, Canada, imeonyesha kwamba mtu katika mwezi wake wa kwanza kazini ana hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu ya yule aliyemaliza mwaka. Vibarua na watu wa mikataba mifupi wako katika mwezi wa kwanza daima, leo hapa, mwezi ujao pengine. Hao ndio tunaowapa mafunzo mafupi kuliko wote, eti kwa sababu hawatakaa. Mpeni kila mgeni mwenyeji mmoja wa kumshika mkono, ambaye naye amepunguziwa kazi ili aweze. Na fundisheni kwa lugha ambayo mtu anaota nayo. Maelekezo ya kemikali yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni hayamfundishi kitu mtu anayeyapigia magoti kuyasoma.

Kuna jambo ambalo mafunzo mengi hayaligusi kabisa. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2023 yanasema karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na sehemu kubwa mno, kama milioni 2.6, hufa kwa magonjwa. Ajali zinachukua watu kama 330,000. Vumbi la mawe linalokwangua mapafu, moshi wa kuchomelea, viyeyusho vya rangi, saa ndefu kupita kiasi: hivi havipigi kelele, havisimamishi uzalishaji, na mgonjwa hufia kwao miaka mingi baada ya kuacha kazi kwenu. Msimamizi aliyefundishwa kutazama ajali tu atamwona aliye juu ya ngazi mbovu, na atampita anayekata jiwe kavu ndani ya wingu la vumbi bila kusimama. Ilhali kulimwagia jiwe maji wakati wa kukata kunalizuia vumbi pale pale linapozaliwa.

Mfano huo unanileta kwenye kosa lenu ambalo naomba mlikubali: mmefanya vifaa vya kujikinga kuwa usalama wote. Kofia, buti, glavu na barakoa ni vya mwisho. Wanaojua kazi hii huanza kwa kuuliza kama hatari inaweza kuondolewa kabisa. Isipowezekana, kama kitu kibaya kinaweza kubadilishwa kwa kisicho kibaya. Kisha kutenganisha mtu na hatari kwa kinga za mashine, mifumo ya kunyonya vumbi, vizuizi. Halafu utaratibu wa kazi. Ndipo vinakuja vya kuvaa. Ngazi hiyo inapinduliwa kwa sababu barakoa ni rahisi kununua na rahisi kumlaumu mtu nayo. "Hakuvaa" inamaliza uchunguzi siku hiyo hiyo.

Nimesoma ripoti nyingi za ajali zenye neno "uzembe" kwenye mstari wa chanzo. Sikatai kwamba uzembe upo. Ila mtu aliyeingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, kwa kawaida alikuwa anafanya vile alivyofanya jana na juzi mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyemkataza kwa kuwa hesabu ya mwisho wa zamu ilikuwa inapendeza. Wafundisheni wasimamizi kuchunguza: kwa nini kinga ilikuwa imetolewa, nani aliitoa, inachukua muda gani kuirudisha, nani alijua? Wafundisheni pia kupokea habari za nusura ajali bila kukunja uso. Spana imeanguka kutoka juu ikatua hatua moja kutoka kwa mtu. Hiyo ni habari ya thamani kubwa kwenu, na mnaipata bure. Lakini ataileta nani, kama aliyeileta mara ya mwisho alikatwa mshahara kwa kuangusha spana? Na zawadi mnazotoa kwa idara iliyomaliza mwezi bila ajali, nawasihi mzifikirie upya. Zimewafunza watu kuficha vidole vilivyokatika.

Najua mtasema muda na gharama. Kuwatoa wasimamizi kazini ni gharama, ni kweli. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi zinazolipwa, na hilo nalo ni gharama. Ninachowaomba ni kuiandika kwenye bajeti kama mnavyoandika matengenezo ya mashine, na isiwe fungu la kwanza kukatwa mwaka ukiwa mgumu. Miaka migumu ndiyo miaka ya zamu ndefu, watu pungufu na mashine chakavu.

Kwa hiyo nataka ahadi za kuonekana. Asipewe mtu usimamizi kabla hajafundishwa na kupimwa kwa vitendo katika hatari za sehemu yake, hata kama nafasi iko wazi na mnahitaji mtu kesho. Kila msimamizi apewe barua yenye saini ya mkurugenzi mkuu inayosema anaruhusiwa kusimamisha kazi yenye hatari na hataadhibiwa akikosea kwa nia njema. Barua hiyo isomwe mbele ya wafanyakazi wake. Zamu zikabidhianwe kwenye kifaa, na muda wa kukabidhiana uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Tathmini ya msimamizi mwisho wa mwaka iulize hatari ngapi aliletewa na watu wake na akazifanyia nini, kwa uzito uleule wa tani alizozalisha. Wawakilishi wa wafanyakazi wakae mezani mafunzo yanapopangwa, kwa sababu wao wanajua ni kanuni ipi inayovunjwa kila siku na kwa nini haiwezekani kufuatwa jinsi ilivyoandikwa. Na yale makaratasi ya mahudhurio yasainiwe baada ya mtu kuonyesha anachoweza.

La mwisho linawahusu ninyi wenyewe. Mafunzo yatakapoanza, njooni. Msije kufungua na kuondoka. Kaeni mpaka mwisho, mvae mkanda, mtie kufuli, mkosee na kusahihishwa na mtu wa mshahara mdogo. Chagueni tarehe ndani ya robo hii ya mwaka, iandikeni kwenye kalenda zenu, na muwaambie wasimamizi kwamba mtakuwepo.

Wenu katika kazi,
Mkufunzi wa usalama, aliyekuwa msimamizi wa zamu